Vidonge vya Usingizi: Vipunguzwe kwa Ngazi, Visitupwe kwa Hasira

Katika nyumba zetu nyingi, dawa za wazee huwekwa mahali panapojulikana na kila mtu: katika kopo la biskuti juu ya kabati, au katika mfuko wa plastiki unaoning'inia msumarini. Humo mna dawa ya presha, dawa ya sukari na dawa ya maumivu ya magoti. Lakini kipo kidonge kimoja ambacho aghalabu hakikai humo. Hicho hufungwa katika pindo la khanga au hufichwa chini ya mto, na mwenye nacho hapendi kuulizwa habari zake. Ni kidonge cha usingizi.

Sisi katika kamati ya msikiti si matabibu, wala hatudai kuwa tunajua kazi yao. Hata hivyo, watu wanaotujia kwa mambo ya ndoa, mirathi na maziko hutueleza pia yaliyomo nyumbani, na jambo hili limekuwa likirudi mara kwa mara. Yupo anayesema mama yake hawezi kulala bila kidonge. Yupo anayelalamika kwamba baba amekuwa msahaulifu na miguu yake haina nguvu asubuhi. Na yupo anayekuja kwa ghadhabu, akitaka tumkanye mzazi wake kwa kuwa, kwa maoni yake, dawa ile ni kileo na wajibu wake ni kuitupa leo hii.

Huyu wa mwisho ndiye aliyetufanya tuandike makala haya. Wasiwasi wake una msingi, lakini dawa anayoipendekeza inaweza kuua. Mtu aliyetumia vidonge hivi kwa miezi au miaka hapaswi kuviacha kwa siku moja. Anapaswa kuvipunguza kidogo kidogo, kwa uangalizi wa mtaalamu wa afya na kwa msaada wa jamaa zake.

Dawa yenyewe ni ipi?

Vidonge vinavyotumika sana kwa kazi hii ni vya jamii iitwayo benzodiazepini, na maarufu zaidi kati yake ni diazepamu, ambayo wazee wetu wengi huijua kwa jina la Valium. Dawa ya kwanza ya jamii hii iliingia sokoni mwaka 1960, na Valium ikafuata mwaka 1963. Zote mbili zilitokana na kazi ya mwanakemia Leo Sternbach, aliyekuwa akifanya utafiti katika kampuni ya Hoffmann-La Roche nchini Marekani. Watu walizipokea kwa furaha, kwa kuwa dawa za usingizi zilizotangulia zilikuwa za hatari kubwa na kuzidisha dozi kidogo tu kuliweza kumaliza maisha. Tangu mwaka 1969 hadi 1982, Valium ndiyo iliyokuwa dawa iliyoandikwa na madaktari wa Marekani kuliko dawa nyingine yoyote.

Hatuna budi kusema haki: diazepamu ni dawa yenye manufaa makubwa. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Mtoto anapopata degedege, diazepamu huweza kuokoa maisha yake. Hutumika kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji, na hulegeza misuli iliyokaza. Tatizo tunalolizungumzia hapa ni matumizi yake ya kila usiku, mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya kupata usingizi tu.

Ndani ya ubongo mna kemikali ya asili ambayo kazi yake ni kutuliza shughuli za neva, na wataalamu huiita GABA. Benzodiazepini huipa kemikali hiyo nguvu zaidi, hivyo fikra hutulia, misuli hulegea na usingizi huja. Lakini ubongo haukai bure. Unapoona kila usiku unaletewa utulivu kutoka nje, nao hupunguza mwitikio wake. Baada ya wiki chache tu, kidonge kilichokuwa kikimlaza mtu usiku kucha humlaza nusu usiku. Mtumiaji huongeza cha pili. Akikosa kidonge usiku mmoja, usingizi humkimbia kabisa, moyo humwenda mbio na mwili humtetemeka, naye huamini kwamba huo ndio ugonjwa wake wa zamani uliorudi. Kumbe aghalabu hayo ni mwili unaodai dawa uliyoizoea.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaagiza madaktari kwamba dawa hizi zitumike kwa wiki mbili hadi nne tu, tena kwa mtu ambaye kukosa usingizi kumemzidi na kumemletea dhiki kubwa. Mwaka 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani nayo iliagiza onyo zito zaidi liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za jamii hii, likitaja hatari ya uraibu na ya mateso ya kuziacha ghafla.

Mlango unaopitiwa na wengi

Tuchukue mfano wa mjane. Mumewe amefariki, nyumba imejaa watu, na usiku wa tatu bado hajafumba macho. Ndugu mmoja mwenye huruma anamleta mhudumu wa afya, au anakwenda duka la dawa na kurudi na vidonge kumi. Mjane analala, na kila mmoja anashukuru. Vidonge vikiisha vinanunuliwa vingine, kwa kuwa hakuna aliyetaja siku ya mwisho. Eda ya miezi minne na siku kumi inamalizika, anavua mavazi ya eda na kurudi katika shughuli zake, lakini kidonge hakina eda. Miaka mitano baadaye bado anakitumia, na hakuna anayekumbuka kwamba kilianza kwa ajili ya msiba.

Hakuna aliyefanya ubaya katika kisa kama hiki. Ndugu alikuwa na huruma, mhudumu alitaka kusaidia, na mjane alikuwa na huzuni ya kweli. Kilichokosekana ni swali moja tu siku ile ya kwanza: dawa hii inaishia lini?

Milango mingine ni mingi. Mzee huandikiwa dawa akiwa amelazwa hospitali, akaendelea nayo nyumbani. Jirani humgawia jirani mwenzake, kama anavyomgawia chumvi. Wengine, wakikosa diazepamu, huchukua dawa za mafua na mzio kama vile klofeniramini au prometazini kwa sababu tu zinaleta usingizi. Nazo kwa mzee zina mashaka yake: hukausha kinywa, huzuia mkojo na huweza kumvuruga akili.

Kuna jambo lingine kubwa zaidi. Kukosa usingizi mara nyingi ni dalili ya jambo jingine. Mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa huamka mara nne kwenda haja ndogo. Mzee mwenye tezi dume hali kadhalika. Anayetumia dawa ya presha yenye kukojoza, akiimeza jioni badala ya asubuhi, atakesha. Mwenye kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini huamka amechoka, na dawa ya kumlegeza huweza kumzidishia hatari. Na mwenye sonona huamka alfajiri mapema, moyo ukiwa mzito, hana hamu ya chakula wala ya watu. Wote hao wakipewa kidonge kilekile, ugonjwa unafunikwa na unaendelea kukua chini ya pazia.

Anayelipa gharama ni mzee

Mwili wa mtu mzima wa miaka sabini hauondoi dawa kama mwili wa kijana. Diazepamu yenyewe hukaa muda mrefu: hata kwa mtu mwenye afya, nusu ya dozi huweza kubaki mwilini kwa zaidi ya siku nzima, na kwa mzee muda huo hurefuka. Maana yake ni kwamba kidonge cha Jumatatu kinakutana na cha Jumanne, na vyote viwili vinakutana na cha Jumatano. Mzee anaamka kwa ajili ya sala ya alfajiri, anatafuta ndala gizani, anakwenda kutawadha kwenye sakafu yenye maji, na dawa bado imo kichwani mwake. Hapo ndipo huanguka, na hapo ndipo nyonga huvunjika. Kwa wazee wengi, kuvunjika nyonga ni mwanzo wa kulala kitandani moja kwa moja.

Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kina orodha mashuhuri ya dawa ambazo mzee anafaa kuepushwa nazo, ijulikanayo kwa jina la Dk. Mark Beers aliyeianzisha mwaka 1991. Benzodiazepini zimo katika orodha hiyo kwa sababu ya kuanguka, kuvunjika mifupa, kuchanganyikiwa na ajali za barabarani. Tunawaomba wasomaji walifikirie hili kabla ya kusema kwamba bibi "amezeeka tu." Usahaulifu, kusinzia mchana na kuyumbayumba huenda vikawa ni matokeo ya kidonge, na baadhi ya wazee huchangamka tena dawa inapopunguzwa.

Vijana nao hawajasalimika. Dereva wa bodaboda au wa lori aliyemeza dawa usiku wa manane anaingia barabarani asubuhi akiwa hajaamka kikamilifu. Na anayechanganya dawa hizi na za maumivu za jamii ya afyuni, kama tramadoli, au na dawa ya kikohozi yenye kodeini, anajiweka katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa zote kwa pamoja huzorotesha pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya mchanganyiko huo mwaka 2016.

"Si ni kileo? Basi atupe!"

Sasa tumrudie yule ndugu mwenye ghadhabu. Hoja yake ni kwamba kila chenye kulevya ni haramu, na haramu haipunguzwi, bali huachwa. Tunaiheshimu ghera yake ya dini, lakini elimu ya fiqhi ni pana kuliko hapo.

Mafaqihi wamekubali matumizi ya dawa zenye kuathiri akili pale penye haja ya kweli ya tiba, kwa kiasi kinachohitajika na kwa ushauri wa tabibu mwaminifu. Kisha wameweka kanuni ya kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kanuni hii inamgusa sana mtumiaji wa kila usiku, kwani haja iliyohalalisha dawa wakati wa msiba au maradhi ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ikipita hapana budi kutafuta njia ya kutoka.

Lakini zipo pia kanuni nyingine, na moja yake ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Mtu aliyezoea benzodiazepini kwa muda mrefu, akiziacha ghafla, huweza kupatwa na hofu kali, jasho, kutetemeka, kuona au kusikia visivyokuwepo, na kifafa. Wapo waliopoteza maisha. Mtoto anayemnyang'anya mama yake vidonge na kuvimwaga chooni kwa jina la dini huenda akamtia katika hatari kubwa kuliko ile aliyotaka kumwokoa nayo.

Wala mwendo wa hatua kwa hatua si mgeni kwetu. Kila aliyesoma historia ya sheria anafahamu kwamba ulevi haukuharamishwa kwa siku moja. Ilianza kubainishwa kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha waumini wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, na mwishoni ndipo mlango ulipofungwa kabisa. Kama umma mzima ulilelewa kwa tadriji, mama mmoja mgonjwa anastahili subira hiyohiyo.

Tunasisitiza pia kwamba wapo wanaotumia dawa hizi, au dawa zinazofanana nazo kama fenobabitoni, kwa ajili ya kifafa. Hao wasiziguse dozi zao kwa sababu ya makala haya. Jambo lao ni lingine, na liko mikononi mwa daktari wao.

Inawezekana, na imethibitishwa

Wapo wanaokata tamaa wakisema: "Mama ametumia miaka kumi, hawezi tena." Ushahidi haukubaliani nao.

Katika mji wa Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu waliotaka kuachana na dawa hizi tangu mwaka 1982 hadi 1994. Aliwasikiliza kwa miaka kumi na miwili, na mwaka 1999 mwongozo wake ukatolewa ili watu wautumie pamoja na madaktari wao. Somo lake kubwa ni kwamba mwendo uwe wa polepole na uwe wa mgonjwa mwenyewe, kwani anayesukumwa kwa haraka hurudi alikotoka.

Nchini Kanada, katika jimbo la Quebec, watafiti wakiongozwa na Dk. Cara Tannenbaum waliwachukua wazee 303, wa umri wa miaka 65 hadi 95, waliokuwa wakitumia benzodiazepini kwa muda mrefu na kuchukua dawa zao katika maduka 30 ya dawa ya mitaani. Baadhi yao walitumiwa kijitabu tu. Kijitabu hicho kiliwaeleza madhara ya dawa kwa lugha nyepesi, kikawapa njia nyingine za kupata usingizi na kikawaonyesha kwa picha jinsi ya kupunguza dozi wiki hadi wiki, kikiwataka wazungumze kwanza na daktari au mfamasia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: baada ya miezi sita, asilimia 27 ya waliopewa kijitabu walikuwa wameacha kabisa, ilhali miongoni mwa wasiopewa walioacha ni asilimia 5. Wengine asilimia 11 walikuwa wamepunguza dozi.

Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya Hispania. Huko madaktari wa kawaida wa vituo vya mitaani walikaa na wagonjwa wao, wakawaeleza hatari na wakawapangia ngazi za kushuka. Baada ya mwaka mmoja, takriban 45 katika kila 100 walikuwa wameacha, dhidi ya 15 katika kila 100 miongoni mwa waliohudumiwa kama kawaida. La kuzingatia zaidi ni kwamba waliopewa maelekezo ya maandishi walifaulu sawa na walioitwa tena na tena kliniki. Kazi hii, basi, haihitaji hospitali kubwa. Inaweza kufanyika katika zahanati, katika kituo cha afya, na ikaanzia kwenye kaunta ya duka la dawa.

Mazungumzo ya kwanza

Mlango wa kuingilia ni mazungumzo ya heshima. Asiyejua kuanza aanze hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kile kidonge cha usiku, ulianza lini kukitumia?"

"Tangu alipofariki baba yako."

"Na daktari alisema ukitumie mpaka lini?"

"Hakusema. Nami sikuuliza."

"Basi mama, kesho kutwa tukienda kliniki ya presha, tumuulize pamoja."

Hapana lawama wala hukumu katika maneno hayo, na siri iliyokaa miaka katika pindo la khanga imefunguliwa. Siku ya kliniki, chukueni dawa zote za mgonjwa, pamoja na za mafua, za maumivu na za miti shamba. Muulizeni mhudumu maswali manne: Dawa hii ilianzishwa kwa ajili gani? Je, sababu ile bado ipo? Tutaipunguza kwa kiasi gani na kwa muda gani? Ni dalili zipi zikitokea turudi haraka?

Ngazi za kushuka hupangwa na mtaalamu kwa kila mgonjwa. Ili msomaji apate picha tu, mwongozo wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 unatoa mfano wa kupunguza robo ya dozi kila baada ya wiki mbili, na inapokaribia mwisho kupunguza thumuni. Aliyetumia kwa miaka mingi huhitaji mwendo wa taratibu zaidi. Ikiwa hatua moja imemletea usumbufu mkubwa, mhudumu humruhusu akae hapo kwa muda kabla ya kuendelea. Siku chache za usingizi mbaya baada ya kila hatua ni jambo la kutarajiwa na kwa kawaida hupita. Kutetemeka kusikokoma, kuchanganyikiwa, kifafa au mawazo ya kujidhuru ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Tunashauri pia wakati wa kuanza uchaguliwe kwa busara. Mwezi wa Ramadhani, pamoja na baraka zake, hukata usingizi kwa tarawehe na daku. Anayetaka kuanza safari hii na amuulize mtaalamu wake kama si bora angoje Shawwal. Hali kadhalika wiki za harusi, msiba au safari.

Usingizi wenyewe

Anayepunguziwa kidonge lazima apewe kitu mahali pake. Mwaka 2016, chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu iwe ile ya kurekebisha tabia na fikra za usingizi, kabla ya dawa yoyote. Wataalamu wa tiba hiyo bado ni wachache kwetu, lakini misingi yake mingi inaeleweka na kila mtu.

Msingi wa kwanza ni saa moja ya kuamka kila siku. Hapa Mwislamu ana neema ambayo wengi wanaitafuta. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, wakati wa alfajiri haubadiliki sana mwaka mzima, na adhana humwita mtu kwa wakati ule ule takriban. Lakini anayeswali kisha akarudi kulala hadi saa tatu asubuhi asishangae usiku anapokesha.

Msingi wa pili ni kujua hesabu. Wazee wengi huswali isha na kupanda kitandani saa mbili usiku. Wakiamka saa nane usiku husema hawakulala. Kuanzia saa mbili hadi saa nane ni saa sita, na kwa mzee, ambaye usingizi wake kwa maumbile huwa mwepesi na mfupi zaidi, hizo si haba. Anayetaka kuamka karibu na alfajiri na achelewe kulala. Na yule aliyeamka katika theluthi ya mwisho ya usiku akiwa mzima, akaswali rakaa mbili na kurudi kulala, huyo si mgonjwa.

Msingi wa tatu ni kitanda kuwa cha usingizi. Aliyekaa macho kwa muda mrefu ainuke, akae mahali tulivu penye mwanga hafifu, alete uradi wake, na arudi kitandani usingizi unapomjia. Simu isiingie chumbani. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya isha na mazungumzo yasiyo na haja baada yake, na simu ni mazungumzo yasiyokwisha. Adabu za kulala alizotufundisha, za kutawadha, kukung'uta kitanda na kulalia ubavu wa kuume kwa dhikri, huutayarisha mwili na moyo kwa mapumziko.

Msingi wa nne ni kahawa na kailula. Kahawa chungu ya barazani baada ya magharibi, na chai ya rangi nzito usiku, hukaa mwilini kwa saa nyingi, basi ziishie alasiri. Kailula ya mchana ni sunna njema, ila iwe fupi, ya nusu saa hivi, isiwe ya kutoka adhuhuri hadi alasiri.

Ama mwenye huzuni, deni au ugomvi wa nyumbani, tusimdanganye kwamba ratiba pekee itamponya. Mjane anayekesha kwa upweke anahitaji mtu wa kukaa naye. Mwenye sonona anahitaji matibabu, na kumwambia kwamba imani yake ni dhaifu ni kumzidishia maradhi.

Kila mmoja na wajibu wake

Diazepamu ni dawa ya cheti cha daktari, na nchini Tanzania imo katika kundi la dawa tiba zenye asili ya kulevya. Baadhi ya wenye maduka ya dawa ni ndugu zetu wa safu moja msikitini. Tunawakumbusha kwamba faida ya kuuza bila cheti imebeba dhima ya nyonga ya bibi fulani. Mtu anaporudi kwa cheti kilekile kwa mara ya tatu, neno moja la upole la kumrejesha kwa daktari ni sadaka.

Kwa waganga na wauguzi wa zahanati tuna ombi moja. Mnapoandika dawa hii andikeni pia siku ya kuishia, na mwambieni mgonjwa kwa mdomo. Foleni ni ndefu na dawa ni chache, tunalifahamu hilo, lakini sentensi hiyo moja huzuia mzigo wa miaka.

Jamaa nao wasigawane vidonge, na wasimwachie mzee peke yake kazi ya kupunguza. Mtoto mmoja, mwenye subira kuliko wote, ashike daftari la hatua na awe naye usiku ule ulio mgumu.

Kwa upande wetu, kamati imeazimia kumwalika mfamasia na tabibu wazungumze na waumini baada ya sala, akina mama kwa nafasi yao na akina baba kwa nafasi yao. Halitatajwa jina la mtu. Tumekubaliana pia kwamba kamati inapopeleka ubani kwa mfiwa, mmoja wetu atawauliza jamaa zake kwa siri kama mfiwa amepewa dawa ya usingizi, na kama wanajua siku ya kuiacha. Misikiti mingine inaweza kufanya hivyo bila ya gharama yoyote.

Katika Surat An-Nabai, Allah (s.w.) ametaja usingizi wetu miongoni mwa neema zake, kuwa ni mapumziko kwetu. Anayeitafuta neema hiyo kwa msaada wa dawa, kwa haja na kwa muda, hana lawama. Aliyefungwa nayo na afunguliwe kwa upole, fundo baada ya fundo. Na wewe msomaji, ikiwa unajua wapi kidonge hicho kimefichwa nyumbani kwenu, usikiguse usiku huu. Muulize mwenyewe kesho asubuhi, kwa shikamoo.

Wabillahi tawfiq.